Pua ya Kaka Benoît

Nyabiondo, 12 Februari 2023

Kaka Benoît,

Salamu zangu kwako, kwa Gentille bibi yako, na kwa watoto. Salamu zikishaisha, nisikilize.

Nimerudi kwetu. Thierry, huyu motari anayekuletea barua na pikipiki yake, njo alinitoa Buleusa na mufuko yangu na mashini ya kushona. Usimuulize mengi, yeye alinipakia tu. Simu yangu ilibaki kwa bwana yangu Esdras, na kwenu Pinga réseau ya simu ilishakufa, njo maana naandika sawa watu wa zamani.

Nakuambia mara moja na sitarudia: sirudi kwa ule bwana. Nilitoka soko nikamukuta na mwanamuke mwengine mu kitanda yangu, mu mashuka niliyofua kwa mikono hii. Unajua alisema nini? Alisema, "Badilisha mashuka, Emérita, na mambo yataisha." Aka! Muntu muzima, mukristo, anasema vile na jasho ya mwengine bado iko kwenye muto. Nilisikia kutapika. Mupaka leo nikikumbuka ule muto mate yanajaa kinywani.

Sasa niko mu shamba ya Papa. Nyumba ya Papa ilianguka na mvua ya mwaka jana, unajua. Ulisema utatuma mabati, na mabati hatujayaona. Shangazi Élisabeth ananilaza mu jiko yake katikati ya kuku. Lakini kule chini ya mikalitusi kuko ile rulote, ile nyumba ya bati yenye magurudumu mbili ambayo watu wa kampuni ya barabara walimwachia Papa walipokimbia bila kulipa kiwanja. Leo nimefungua mulango yake.

Yesu wangu! Mbuzi za majirani zimelala mule miaka yote. Mavi imefika kwenye magoti, juu kavu, chini matope nyeusi. Kuko godoro ya sifongo yenye ramani za mikojo ya wanaume nisiowajua. Kuko chupa za bia walizokojolea, kiisha wakazifunga na kifuniko, sijui walikuwa wanawekea nani. Ukutani, kalenda zenye picha za wanawake uchi, na panya zimekula sura zao zikaacha mengine. Nilitapika pale mulangoni, nikafunga, nikafungua tena.

Nitaitengeneza, kaka. Itakuwa nyumba yangu, vile mimi napenda, na hakuna mwanaume atanitoa mule. Umekuwa mukubwa wetu tangu Papa alale kaburini. Nakuomba tu useme ndiyo.

Ni mimi dada yako,
Emérita Uwitonze

*

Pinga, 20 Februari 2023

Mupendwa dada katika Bwana,

Neema na amani. Barua yako niliisoma nikisimama, juu kukaa nilishindwa. Mimi ni shemasi, Emérita. Barua ilifika tuko mezani, sombe iko kwenye sahani, nikaanza kusoma kwa sauti mbele ya watoto. Nilipofika kwenye chupa Gentille alikamata sahani akaenda nayo inje. Hatukukula tena ile siku. Mambo ya namna ile muntu anayaweka mu roho yake.

Esdras amekosa, sikatai. Lakini ndoa si kanzu ya kuvua ikiwa na doa. Mashuka yanafuliwa. Rudi kwake, ao kuja Pinga: kuko nafasi mu depo, nyuma ya magunia ya samaki, Gentille ataweka mukeka. Utatusaidia kuuza.

Juu ya ile rulote nasema hapana. Dada ya Benoît Nsengimana alale mu choo ya watu wa barabara? Watu wakipita watasema nini? Na tena ile si nyumba. Nyumba haina magurudumu. Kitu yenye magurudumu ni muzigo, siku moja itavutwa itaenda. Shamba ni ya Papa na Papa aliniachia mimi. Usijenge, usichimbe, usiweke muti yoyote. Asiyesikia la mukubwa huvunjika guu.

Tunakuombea,
Kaka yako Benoît

*

Nyabiondo, 9 Machi 2023

Kaka,

Asante kwa maombi. Sijajenga na sijachimba. Nimefagia tu, na kufagia ulikuwa haujakataza.

Mavi ya mbuzi niliitoa na jembe, ikaenda kwenye shimo ya ndizi, na ndizi zimefurahi. Godoro niliichoma mbali, moshi yake nyeusi, na Shangazi akasema hata moshi inasikia haya. Chupa nilizibeba na majani nikizuia pumzi mupaka kwenye choo. Mara mbili nilifanya haraka nikakosa, ikamwagika kwenye muguu. Nilijisugua na jiwe mupaka ngozi ikatoka. Sitasema zaidi, nisije nikawanyima chakula tena.

Wale wanawake wa kalenda niliwakwangua na kisu. Kiisha nilipika unga ya muhogo, maji mingi, ikawa gundi nzito, nikabandika vitenge vyangu vya zamani ukutani kote, kutoka chini mupaka juu. Nimechagua vile vya njano na bulu. Vitenge vya Esdras nimefanya matambara. Mulango nimepaka rangi nyekundu. Dirisha lilikuwa dogo sawa la gereza. Fundi Nizeyimana alilikata, sasa nikikaa naona maharagi ya watu mupaka ngambo ya mto. Nimefuma bitambaa ya vikombe. Chini, kwenye zile mbao zilizokula mikojo, nimepaka vile Mama alikuwa anapaka: mavi ya ng'ombe mbichi, majivu, na udongo kidogo, mara tatu, mupaka ikawa laini. Haina harufu. Muntu akiingia anavua viatu mulangoni, hiyo ni sheria yangu.

Na depo yako, hapana. Nyuma ya magunia ya samaki? Ile samaki yenye wadudu mnayoifuta na chumvi ili isionekane? Kaka, nilikaa kwenu siku ile ya ubatizo ya mutoto wenu Shema, na nguo zangu zilinuka mupaka Pasaka. Nashangaa wewe unalala pale. Wewe! Tulipokuwa watoto mbuzi ikijamba tu, ulikuwa unakimbia kukata majani ya mikalitusi unawasha moto mupaka nyumba nzima inakohoa. Mama alikuwa anasema: huyu mutoto, pua yake itamuponza.

Kumebaki kitu moja. Nimeweka mafiga matatu mu rulote, juu ya kifuniko ya pipa, pembeni ya dirisha. Lakini sijawasha. Shangazi amekataa. Anasema unajua vile kwetu iko: nyumba mupya, moto wa kwanza unawashwa na mukubwa wa familia, na mukono yake. Mbele ya hapo ni bati tu, na mwenyewe anaweza kutolewa hata kesho. Lakini mukubwa akishamuwashia binti moto, hakuna wa kumutoa tena pale, hata yeye mukubwa mwenyewe. Njo maana bado nakula kwa Shangazi sawa mutoto, na usiku mu rulote nalala na baridi.

Kaka, utakuja lini kuniwashia?

Emérita

*

Pinga, 18 Machi 2023

Dada Emérita,

Amani ya Bwana.

Mavi ya ng'ombe! Nimeomba Gentille asome tena, labda macho yangu yamekosea. Watu wanaweka sakafu ya simenti, wanaweka karo za kungaa, wewe unatoa mavi ya mbuzi unaweka ya ng'ombe. Na unafika hapo unaandika juu ya samaki yangu. Gentille alisoma ile mistari ya samaki. Amenuna.

Sitawasha moto mu choo. Najua desturi sawa vile unaijua, na njo sababu sitakuja. Usinitege kama panya.

Lakini hukumu isikose huruma. Kaa mule kwa sasa, mupaka nikupatie njia ingine. Usipande maharagi msimu huu, acha udongo ipumuzike. Na mupe Thierry aniletee zile magurudumu mbili. Nasikia mipira yake bado nzuri. Hapa nataka kutengeneza mukokoteni ya kubeba magunia kutoka barabarani. Wewe huendi nayo fasi yoyote, si vile? Kitu inayokaa haiombe magurudumu.

Msamaha kwa ufupi, kuko ibada.

Benoît

*

Nyabiondo, 16 Aprili 2023

Benoît,

Magurudumu yako utakuwa uliipata. Thierry aliifunga moja moja nyuma ya pikipiki, alienda na kurudi, watu njiani wakamuuliza kama anapeleka gari vipande vipande. Rulote sasa inakaa juu ya mawe. Nimepanda maua kwenye makopo kuizunguka, ionekane haijawahi kutembea. Na maharagi nimepanda. Udongo yetu haijaomba kupumuzika. Ni wewe uliiombea.

Sasa nimejua kwa nini.

Jana alikuja muntu munene, koti ya ngozi, buti za plastiki. Papa Sylvain, wa Goma, mwenye ng'ombe. Alikuwa na kijana na kamba, wanapima. Walikanyaga maharagi yangu yenye majani mbili tu. Nikamuuliza, "Papa, unatafuta nini?" Akasema, "Natafuta mupaka ya kilima yangu. Benoît hakukuambia?" Kiisha akachungulia mu mulango yangu, akacheka, akatema mate. Makohozi, Benoît. Kubwa, ya kijani, pale kwenye mulango nyekundu, ikashuka polepole. Akasema hapa kutakuwa zizi ya ndama.

Nilipangusa ile mate na kitambaa, kiisha nikachoma kitambaa. Nimesafisha mavi ya mbuzi za watu, mikojo ya watu, na sikusikia kinyaa kama nilisikia jana. Na si juu ya Papa Sylvain. Yeye ni muntu tu anayetafuta majani ya ng'ombe. Ni juu yako. Wewe uliniandikia "acha udongo ipumuzike", na "neema na amani" juu yake. Papa alilala kwenye ile kilima. Mama alilala. Ulikuwa unataka niende kulala nyuma ya samaki, ili kilima ibaki tupu, uiuze bila kelele.

Nambie tu kama ni uongo. Nitakuamini. Mimi bado ni mupumbavu wa kukuamini.

Emérita

*

Pinga, 25 Aprili 2023

Emérita,

Si uongo.

Lakini si vile unavyoisema. Mimi niko na watoto wanaosoma. Kilima haijanipa kitu tangu Papa alale, hata gunia. Wewe ni binti, ulishaolewa, fasi yako ni kwa bwana yako. Nikiuza ya Papa, nauza yangu. Kuku mugeni hakosi kamba muguuni, na wewe unakimbia mu shamba sawa mwenye nyumba.

Papa Sylvain hataki kununua kilima yenye muntu ndani. Nitakuja mwenyewe, mwezi ujao, na nitakuja na chef wa kijiji aone na macho yake kwamba ile si nyumba, ni bati, haina moto, na binti hawezi kudai kilima akisimamia juu ya bati. Kila kitu kifanyike mu mwangaza.

Usinichukie. Mukubwa anabeba mambo mengine ambayo wadogo hawayaone.

Benoît

*

Nyabiondo, 3 Mei 2023

Kaka,

Kuja. Leta chef. Hii ni rulote ndogo lakini tutaenea.

Utavua viatu mulangoni.

Emérita

*

Pinga, 15 Mei 2023

Dada,

Nimefika Pinga na kikohozi. Nilifua shati mara mbili na bado iko na ile harufu. Gentille ameitundika inje, mbali na nguo za watoto.

Naandika ili maneno tuliyosema yasipotee, juu vile siku ilienda sikuweza kuyasema muzuri.

Sikatai, ulifanya kazi. Kwa inje, na mulango na maua, chef mwenyewe alisema, "Kumbe!" Hata mimi moyo ulitaka kulegea. Lakini ulipofungua! Emérita, nimezika watu, nimeosha maiti ya Papa, sijasikia kitu ya namna ile. Na mvua ikaanza pale pale, ile mvua ya kwetu ya mawe, ikatufungia ndani wote: mimi, chef, Shangazi, wewe. Ukatuletea chai ya thermos kutoka kwa Shangazi, na vikombe juu ya bitambaa ya kufuma, sawa tuko kwa gavana, na maiti inanuka chini ya miguu yetu! Chef alikunywa na kofia kwenye pua. Mimi nilijaribu kueleza mambo ya shamba na nilipofungua kinywa harufu iliingia, nikaionja. Niliionja, unasikia? Na wewe unaniuliza, "Kaka, nikuongezee sukari?"

Njo maana nilipigania pumzi mule ndani. Kama Shangazi hakuwa na ile kichala ya majani ya mikalitusi, tungekufa. Niliyaweka kwenye mafiga, nikawasha na kiberiti yangu, nikapuliza mupaka macho yakatoka machozi, na ile moshi nzuri njo ilituokoa. Hata chef alipumua. Alinitazama vile muntu anatazama muntu aliyemutoa mu maji.

Basi, umeona mwenyewe. Nyumba ya kunuka vile si ya kukaliwa na watu. Nimemuambia chef, na nakuandikia: utatoka mwisho wa mwezi wa sita, ukishavuna yale maharagi. Mimi si munyama.

Mungu akulinde,
Benoît

*

Nyabiondo, 24 Mei 2023

Kaka Benoît,

Barua yako, uliisoma mbele ya kuifunga? Soma tena ile fasi ya kiberiti.

Ulipoenda, Shangazi alikaa chini akacheka mupaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikaa mbele ya yale mafiga nikalia, kiisha nikaongeza kuni, kuni ya kweli, moto usizimike. Kesho yake asubuhi chef akarudi na watu wa kijiji na dumu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alisema hivi, nakuandikia maneno yake: "Nilikuja kuangalia kitu ya kutoa. Nikaona mukubwa wa familia anapiga magoti, anawasha moto mu mafiga ya dada yake, kwa kiberiti yake, kwa pumzi yake. Mimi sitoe muntu kwenye moto ya kaka yake." Wakakunywa, wakaimba mupaka saa ya kulisha mbuzi. Papa Sylvain naye alisikia. Anatafuta kilima kwengine.

Unataka kujua ile harufu ni ya nini? Panya. Panya mukubwa, alikufia chini ya ubao karibu ya fasi ulikaa. Nilimusikia tangu siku aliyoanza kuoza. Nilijua ubao gani. Kila asubuhi nilifungua macho, natoka inje kutapika kwenye maua, kiisha narudi naziba dirisha na matambara harufu isipungue. Shangazi aliniambia, "Binti, muzike huyu panya, utakufa." Nikasema, "Ngoja Benoît afike." Yale majani pia nilikata mimi. Nilikufahamu tangu hatujaota meno ya pili. Ungevumilia chef, ungevumilia machozi yangu, lakini harufu usingevumilia.

Nilikuomba uje kuniwashia moto kwa mapendo. Ulisema hapana. Basi umeuwasha kwa kinyaa, na unawaka sawasawa.

Lakini hiyo siku, kitu ambayo iliniumiza si shamba. Niliporudi kutoka kuleta chai nilikuta umesimama kwenye sakafu yangu na viatu. Chef alivua. Shangazi alivua. Wewe ulisema huwezi kukanyaga mavi na soksi safi. Nilipangusa matope yako nikipiga magoti, sakafu ya Mama, vile alitufundisha. Hiyo sijakusamehe.

Panya nilimuzika. Sasa rulote inanuka moshi na sabuni.

Emérita

*

Pinga, 1 Juni 2023

Emérita,

Ile haikuwa moto ya nyumba! Ilikuwa moto ya panya! Hata mutoto anajua. Umenitega, na Shangazi, mwanamuke muzee wa kanisa, amekusaidia. Chef ni mulevi. Kasiksi njo ilisema.

Na tena nilishakuambia, ile si nyumba, iko na magurudumu. Nitaleta trakta, nitaivuta mupaka barabarani, wewe na mafiga yako ndani.

Usiniandikie tena.

B. Nsengimana

*

Nyabiondo, 7 Juni 2023

Kaka,

Uivute na nini? Magurudumu iko kwako.

E.

*

Lukweti, 29 Oktoba 2023

Dada yangu Emérita,

Nampa hii barua Thierry, nimemukuta njiani na Mungu anajua vile nilifurahi kuona sura yake. Sijui kama utaifungua.

Tumetoka Pinga. Masasi ya bunduki yalianza jioni, tulilala mu mihogo, asubuhi tukatembea. Depo walivunja, chumvi, sabuni, mafuta, yote imeenda. Ile samaki tu waliacha. Unaweza kucheka.

Sasa tuko mu darasa ya shule hapa, familia kumi labda, chini ya ubao mweusi. Kuko watoto wanaohara. Kuko ndoo moja. Sitakuandikia harufu. Nilikuwa muntu wa kusema mambo ya harufu. Hapa nimenyamaza, juu na mimi nanuka. Jana mama mumoja alisogea mbali na mimi, akaweka kitenge kwenye pua. Nilimuelewa. Nilisikia haya mupaka kwenye mifupa, nikakumbuka muntu niliyemufanyia vile.

Gentille iko na mimba ya miezi saba na hawezi tena kutembea. Shema anaumwa homa. Wote wawili nawasukuma mu ule mukokoteni. Magurudumu ni yako, haijapasuka hata moja. Bila ile ningewaacha wapi?

Kilima ya Papa nilitaka kuiuza. Kama ungeniacha, leo ningekuwa naandikia ndama.

Siombi kama mukubwa. Ukubwa umebaki njiani. Naomba kama muntu: kuko nafasi mu rulote yako? Hata chini. Hata kwa Shangazi, na kuku.

Nisamehe ile siku ya viatu.

Benoît

*

Nyabiondo, 1 Novemba 2023

Kaka Benoît,

Thierry anakula haraka, amesimama, anangojea hii barua ili arudi kwenu. Nitaandika kifupi.

Bado niko na kasirani na wewe. Sitasema uongo kwenye karatasi. Nilisoma jina yako juu ya barua. Niliiweka pembeni mupaka Shangazi akaniambia, "Soma, mujinga wewe, barua haiumi." Nikasoma. Kiisha nilitoka inje nikatapika, na safari hii ilikuwa woga.

Kujeni. Musipite njia ya chini, daraja imeenda na maji. Thierry ataonyesha ile ya juu. Gentille atalala kwenye kitanda yangu, mashuka ni mapya, hayajalaliwa na muntu. Shema karibu ya mafiga, nimeshachemusha majani ya homa. Watoto wengine kwa Shangazi. Wewe utalala chini, kwenye ile sakafu. Utaweka pua pale usiku kucha na utaniambia asubuhi kama inanuka.

Maharagi nimevuna, tunayo. Moto haujazimika tangu ulipouwasha. Nikienda shamba Shangazi anauangalia, nikirudi nauangalia mimi. Nilisema siku moja mwenyewe atarudi kuuota.

Mukokoteni mutaiacha inje, kuku zitalala ndani yake. Hayo magurudumu hatuyarudishi tena chini ya kitu.

Maji ya kuoga nimeweka inje ya mulango, na sabuni. Usisikie haya juu ya kunuka. Mimi nilikaa na mavi ya mbuzi kabla yako.

Viatu tu, kaka. Vua mulangoni.

Dada yako,
Emérita